Uzi: Kuunganisha miwani ya uhalisia pepe na simuleta ya urubani nyumbani, uzoefu wangu hapa Mwanza

MWANZISHA UZI (Kirumba, Mwanza)

Heshima kwenu wanajukwaa.

Kwa miezi saba sasa nimekuwa nikirusha ndege za kuigiza nikiwa nimevaa miwani ya uhalisia pepe (VR), ile inayofunika macho na kumwingiza mtu ndani ya picha, katika chumba kimoja hapa Kirumba. Wiki nyingi za mwanzo niliziteketeza kwa kurekebisha mambo kinyumenyume, nikianza na yale ya mwisho, kwa hiyo nimeona niandike kwa kirefu ili anayeanza leo asipite nilikopita mimi. Ninalotaka kusema ni kwamba katika kazi hii picha iliyotulia ni bora kuliko picha nzuri, na utulivu huo hutafutwa kwanza usoni na kwenye kiti, kisha kwenye kebo, na mwisho kabisa kwenye mipangilio ya simuleta, yaani programu ya kuigiza urubani.

Kwa nini mtu ajisumbue na miwani wakati kioo cha kawaida kipo? Kwangu sababu ilikuwa kutua. Kwa mwaka mzima nikitumia kioo bapa, nilikuwa nikiinua pua ya ndege ndogo ya Cessna 172 mapema mno ikaishiwa mwendo hewani, au nikachelewa ikajipigiza chini, kwa sababu kioo bapa hakiyapi macho mawili picha mbili tofauti, na bila hizo ni vigumu kuzipima mita chache za mwisho juu ya lami. Miwani hulipa kila jicho picha yake. Zaidi ya hapo, unapopinda kuielekea njia ya kutua unageuza shingo tu na kuitazama nyuma ya bega la kushoto, kama rubani wa kweli anavyofanya, badala ya kubonyeza kitufe cha kuzungusha mandhari. Ndani ya juma moja kutua kwangu kulibadilika kwa kiasi ambacho mazoezi ya mwaka hayakuwa yamekifikia.

Vifaa vyangu ni vya kawaida. Nina kompyuta ya mezani yenye kadi ya grafiki ya RTX 3060 ya GB 12 na RAM ya GB 32, joistiki ya Logitech Extreme 3D Pro, na miwani ya Meta Quest 2 niliyoinunua ikiwa imeshatumika. Simuleta ninazotumia ni X-Plane 12 na Microsoft Flight Simulator ya 2020, ambayo uwezo wa kutumia miwani uliongezwa Desemba mwaka huohuo.

Naanza na uso. Umbali kati ya mboni za macho hutofautiana kati ya mtu na mtu, na kwa watu wazima wengi huwa karibu na milimita 63. Quest 2 ina nafasi tatu tu za lenzi, yaani milimita 58, 63 na 68, ilhali Quest 3 iliyotoka Oktoba 2023 ina gurudumu linalosogeza lenzi kidogo kidogo kutoka 58 hadi 71. Mimi nilikuwa nimeiacha yangu pale alipoiacha mwenye mali wa kwanza, nikaumwa kichwa kila jioni nikidhani ni kadi ya grafiki inayoshindwa kazi. Nilipompa mdogo wangu rula, akaiweka juu ya pua yangu na kupima huku nikitazama mbali, tukapata 67. Nikaisogeza lenzi kwenye 68 na maumivu yakaisha siku hiyohiyo. Baada ya hapo pandisha au teremsha miwani usoni mpaka maandishi ya katikati yawe wazi, kisha ndipo ukaze mikanda, na mkanda wa juu ya kichwa ndio ubebe uzito, wala si ule wa pembeni unaobana mashavu.

Kiti nacho kisidharauliwe. Tumia kiti kisicho na magurudumu, au uyafunge, kwa maana ukisukuma pedali au ukivuta joistiki kiti kikarudi nyuma, macho yako yatajikuta yametokeza nje ya kiti cha rubani. Kaa jinsi utakavyokaa katika safari nzima, tazama mbele, ndipo urudishe mtazamo katikati. Katika Microsoft Flight Simulator kitufe cha kuingia na kutoka katika hali ya miwani ni Ctrl pamoja na Tab, na cha kurudisha mtazamo katikati ni kile kirefu cha nafasi. Hivyo vyote viwili nilivihamishia kwenye vitufe vya joistiki, kwa sababu mtu aliyefunikwa macho haioni kibodi. Joistiki yangu ina vitufe 12, nami nimevigawa ili flapu za mabawa, breki na kurekebisha usawa wa pua vyote viwe chini ya vidole. Vile vichache vya kibodi nisivyoweza kuvikwepa nimevibandikia vipande vidogo vya utepe mgumu ili kidole kivitambue kwa kupapasa.

Kabla sijafika kwenye kompyuta, nawasihi jambo moja kwa msisitizo. Lenzi za miwani hii ni vikuza, na jua likizipiga kutoka upande wa uso hukusanywa kuwa nukta moja inayounguza kioo cha ndani. Rafiki yangu mmoja aliiacha miwani yake kwenye meza ya varanda inayotazama ziwa, lenzi zikiwa juu, akaenda kupokea simu. Aliporudi kulikuwa na madoa ambayo hayatoki. Nyumba zetu za mlimani zina madirisha makubwa na jua la magharibi hurudi tena kutoka kwenye maji, kwa hiyo ukiivua miwani ifunike wakati huohuo.

Sasa kebo. Miwani ya aina ya Quest haiunganishwi kwa waya wa video. Kompyuta huchora picha, huibana kama video, na kuituma kupitia USB au Wi-Fi. Kebo niliyoanza nayo ilikuwa ya kuchajia simu, na ndani yake kulikuwa na USB 2 yenye mwisho wa megabiti 480 kwa sekunde, wakati USB 3 huanzia gigabiti 5. Picha ilikuja, ndiyo, lakini ikiwa na ukungu na mikwamo isiyotabirika, nami nikahangaika siku nne na mipangilio ya mawingu na vivuli. Programu ya Meta Quest Link kwenye kompyuta ina kipimo cha kebo ndani yake. Kitumie kwanza kabla hujagusa kitu kingine chochote. Katika programu hiyohiyo, sehemu ya mipangilio ya jumla, hakikisha kwamba Meta imewekwa kuwa mhudumu wa OpenXR, ambacho ni kiwango cha pamoja kinachowezesha simuleta kuzungumza na miwani ya kampuni yoyote. Ikiwa SteamVR, programu nyingine ya kuendesha miwani, ndiyo iliyoshika nafasi hiyo, picha itazunguka njia ndefu bila sababu. Upande wa Windows, zima ule uokoaji wa umeme wa USB unaoilaza milango isiyo na kazi.

Hapo ndipo tunafika kwenye fremu, yaani zile picha moja moja zinazofuatana haraka. Quest 2 ina pikseli 1832 kwa 1920 kwa kila jicho, na ukijumlisha macho mawili ni kama milioni 7, wakati kioo cha kawaida cha 1920 kwa 1080 kina milioni 2 na kidogo. Tena kompyuta hulazimika kuchora zaidi ya hizo, kwa kuwa picha hupindwa ili ilingane na umbo la lenzi na sehemu ya pikseli hupotea katika kupindwa huko. Ukiweka miwani kwenye kasi ya fremu 90 kwa sekunde, kila fremu ina milisekunde 11.1 tu za kukamilika. Ukiweka 72, ina 13.9. Kadi yangu haifiki hapo nikiwa juu ya mji, na sioni aibu kukiri hivyo. Nilichofanya ni kuweka 72 na kuiruhusu programu ya Meta itumie mbinu yake ya kubuni fremu za katikati, ili kompyuta ichore 36 kwa sekunde na nyingine 36 zikisiwe kutokana na zilizotangulia. Kompyuta sasa ina milisekunde karibu 28 kwa kila fremu, na muda huo inaumudu hata ikikaribia kiwanja. Gharama yake ni kwamba ncha za mabawa na maandishi ya dashibodi hucheza kama mvuke mtu anapogeuka haraka. Naivumilia gharama hiyo, kwa sababu 36 zisizoyumba hazichoshi macho, ilhali fremu zinazopanda hadi 60 na kuporomoka hadi 40 zilinifanya nivue miwani baada ya dakika kumi.

Katika kupunguza mzigo, mawingu na vivuli ndivyo vinavyokula zaidi, pamoja na umbali ambao ardhi huchorwa kwa kina. Dashibodi za vioo vya kisasa nazo hula, na juu ya hilo maandishi yake ni madogo mno kwa Quest 2, kiasi kwamba inabidi uinamie mbele kusoma namba. Ndege yenye saa za mviringo za kizamani hukupa nafuu mbili kwa mpigo: mshale unasomeka hata ukiwa na ukungu, na kompyuta inapumua.

Umeme ukikatika katikati ya safari, miwani ina betri yake na haitazimika, ila kompyuta itazimika na diski inaweza kudhurika. UPS ndogo, yaani betri ya akiba ya kompyuta, haitakupa muda wa kuendelea kuruka, itakupa dakika chache za kuzima kwa utaratibu, na hizo zinatosha. Jioni usizime taa za chumba, kwa kuwa kamera za miwani huhitaji mwanga ili zijue kichwa kiko wapi. Tatizo letu la kando ya ziwa ni kwamba taa hizo huwaita wale vijidudu wanaoinuka majini kama moshi, hasa mwezi unapoandama. Nyavu za dirisha zitazuia wengi. Wanaobaki kwenye lenzi wapulize kwanza, kisha pangusa kwa kitambaa laini kikavu, na kamwe usitumie spiriti.

Karibuni kwa maswali.

MCHANGIAJI WA 2 (Bukoba)

Kaka, nashukuru kwa uzi huu. Ninayo kompyuta mpakato ya michezo, na ruta ya intaneti ya simu. Swali langu la kwanza: nikiunganisha miwani kwa Wi-Fi badala ya kebo, bando langu si litaisha ndani ya siku moja? La pili: nataka kujizoeza kutua hapa nyumbani Bukoba, je, simuleta ipi inafaa kwa mwenye intaneti ya mashaka?

MWANZISHA UZI

Ndugu yangu wa Bukoba, hofu ya bando niliisikia kwa wengi, na haina msingi. Picha inayotoka kwenye kompyuta kwenda kwenye miwani huzunguka ndani ya nyumba yako tu, kupitia ruta, bila kugusa intaneti. Unachohitaji ni ruta yenye masafa ya GHz 5 ikae chumba kilekile ulimo, na kompyuta iunganishwe na ruta kwa waya, ili Wi-Fi yote iachiwe miwani. Kompyuta na miwani vyote viwili vikiwa hewani, vitagombania njia moja na utaona mikwamo. Intaneti ya kweli utaihitaji siku ya kwanza, kwa ajili ya akaunti ya Meta na masasisho.

Bando huliwa na simuleta yenyewe. Microsoft Flight Simulator hushusha ardhi kutoka mtandaoni unaporuka. Toleo la 2024, lililotoka Novemba 19 mwaka huo, limeegemea mtandao zaidi, kiasi kwamba waundaji wake walitaja megabiti 10 kwa sekunde kuwa kiwango cha chini na 50 kuwa kinachopendekezwa. X-Plane 12 hukuruhusu kupakua eneo la dunia unalolitaka mara moja, kisha ukaruka bila kushusha ardhi mtandaoni. Ardhi yake si picha za satelaiti, lakini barabara na majengo yake yametokana na data za OpenStreetMap, na umbo la ufuko wa ziwa utalitambua. Kwa hali uliyoieleza, chukua X-Plane.

Kuhusu Bukoba, kiwanja chenu kiko ukingoni kabisa mwa maji, na maji ndiyo sehemu ambayo miwani husaidia kidogo kuliko zote. Macho hupima kimo kwa kutumia miti, mapaa na barabara. Juu ya maji tulivu hakuna cha kupimia, na hata katika urubani wa kweli ziwa lililolala kama kioo hujulikana kuwa hatari kwa sababu hiyo. Nami nikitua Mwanza kwa njia ya kutua namba 12, nikitokea kaskazini-magharibi juu ya ziwa, hutegemea saa ya kimo, nikikumbuka kwamba kiwanja kiko futi 3,763 juu ya usawa wa bahari, mpaka nione kingo za lami. Sote tunaikumbuka Novemba 6, 2022, ndege ilipoangukia majini ikikaribia Bukoba na watu 19 wakafariki, na wavuvi wakawa wa kwanza kuwafikia waliokuwa ndani. Kwa heshima ya siku ile mimi siigizi hali ya hewa mbaya katika kiwanja hicho. Jizoeze mchana mweupe, na usipoiona njia ya kutua, panda uzunguke.

MCHANGIAJI WA 3 (Musoma)

Hongera kijana wangu kwa maelezo yaliyopangika. Mimi ni mwalimu mstaafu na navaa miwani ya macho. Mjukuu wangu ananihimiza nijaribu, lakini nilipoivaa kwa dakika tano nilisikia kichefuchefu. Je, kwa umri wangu jambo hili linafaa?

MWANZISHA UZI

Shikamoo mzee. Kichefuchefu hicho hakitokani na umri peke yake. Macho yanauambia mwili kwamba unapinda, huku sikio la ndani likisema umekaa palepale, na mwili hauupendi mgongano huo. Naomba uanze na ndege ikiwa imesimama uwanjani, uzitazame tu saa za dashibodi na kugeuka kushoto na kulia, dakika tano, kisha uvue. Siku inayofuata ruka moja kwa moja katika hewa tulivu bila kupinda sana. Feni ikupulize usoni, maana joto la miwani huongeza kichefuchefu na jasho huleta ukungu kwenye lenzi. Jambo la muhimu kuliko yote ni kuivua mara tu dalili ya kwanza inapoonekana. Mimi nilijikaza kiume siku ya tatu, nikalala mchana mzima, na juma lililofuata hata harufu ya ile sponji ya usoni ilinitibua.

Kuhusu miwani yako ya macho, Quest 2 huja na kipande cha plastiki kinachoongeza nafasi mbele ya macho. Kiweke, la sivyo lenzi zitasuguana na zote mbili zitakwaruzika. Mjukuu naye, ikiwa hajatimiza miaka 10, Meta wenyewe hawaruhusu atumie.

MCHANGIAJI WA 4 (Kisumu)

Ndugu yangu wa Mwanza, naheshimu juhudi zako, lakini nadhani unawaingiza watu katika gharama isiyo ya lazima. Mimi hutumia kioo kimoja kikubwa na programu ya opentrack, ambayo ni ya bure, ikifuata kichwa changu kwa kamera. Nageuza shingo na mandhari inageuka. Ramani naisoma, daftari naandika, chai nakunywa. Wewe ukiwa ndani ya miwani unaandikaje kibali cha mnara wa kuongozea ndege?

MWANZISHA UZI

Hapo umenishinda kwa sehemu, nami nakubali. Kuandika ndani ya miwani ni shida, na kwa safari ndefu za kuongozwa na vyombo badala ya macho, zenye ramani na masafa ya redio ya kunakili, mimi mwenyewe hurudi kwenye kioo. Mtu ambaye hamu yake ni safari za ndege kubwa kutoka Mwanza hadi Dar es Salaam, akikaa saa moja na nusu akisimamia kompyuta ya ndege, afuate ushauri wako na abaki na fedha zake. Ila kwa anayetaka kujifunza kutua ndege ndogo kwa macho, opentrack humgeuzia mandhari lakini haimpi kina, na kina ndicho nilichokitafuta.

MCHANGIAJI WA 5 (Mwanza)

Mkuu, kuna mtu ananiuzia HP Reverb G2 kwa bei ya chini sana, na nimesoma kwamba ina pikseli 2160 kwa 2160 kwa kila jicho. Si bora kuliko Quest 2?

MWANZISHA UZI

Kwa picha ni bora, na dashibodi ingesomeka vizuri zaidi. Lakini kabla hujatoa hata senti, tambua kwamba miwani ile ilijengwa juu ya Windows Mixed Reality, na Microsoft wameiondoa programu hiyo katika Windows 11 toleo la 24H2. Kompyuta iliyokwisha kusasishwa haitaitambua kama ilivyokusudiwa na walioiunda. Pia yenyewe inahitaji mlango wa video wa DisplayPort uliounganishwa moja kwa moja na kadi ya grafiki, na katika kompyuta mpakato nyingi mlango wa namna hiyo hupita kwenye kadi ndogo ya ndani au haupo. Bei hiyo ya chini ina sababu. Mwombe muuzaji aiwashe mbele yako, kwenye kompyuta utakayoitumia wewe.

MCHANGIAJI WA 2 (Bukoba)

Kaka, nimerudi na mrejesho. Nimeunganisha kompyuta na ruta kwa waya, nikaweka 72, na X-Plane imetulia. Nimetua mara nne. Tatizo lililobaki ni kwamba baada ya kama dakika ishirini najikuta nimeketi pembeni ya kiti cha rubani, kana kwamba ndege imenisogea.

MWANZISHA UZI

Hongera sana. Tatizo hilo huletwa na kamera za miwani kukosa alama za kushika. Ukiwa umeketi mbele ya ukuta mweupe mtupu, hazina cha kufuata. Bandika kalenda au kitenge chenye maua ukutani mbele yako, hakikisha feni haikitikisi, na uongeze taa moja nyuma ya bega. Kitufe cha kurudisha mtazamo katikati kiweke pale kidole gumba kinapofika bila kutafuta, na ukibonyeze ukiwa bado mbali na kiwanja, kabla hujaanza kushuka.